Siri ya Mgonjwa na Daftari la Taifa

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii humhimiza mgonjwa aseme yanayomsumbua, wala asione haya. Lakini haituelezi maneno yake yatahifadhiwa wapi akishayasema, wala nani ana haki ya kuyasikia. Zamani jawabu lilikuwa jepesi: mganga alisikia, naye akanyamaza. Siku hizi serikali huhitaji kujua hali ya afya ya taifa zima, ili dawa zipelekwe panapohitajika. Siri ya mtungi aijuaye kata, nazo kata zimekuwa nyingi. Natuangalie jinsi daftari hilo kubwa lilivyojengwa, na jinsi Kenya ilivyofundishwa kulilinda.

Habari yenyewe yaanzia Afrika ya Kusini. Utawala wa ubaguzi wa rangi ulipokwisha mwaka wa 1994, nchi ile ilirithi idara 14 za afya, kila moja na utaratibu wake. Hesabu za idara moja hazikulingana na za nyingine, hata ikawa vigumu kujua hali ya nchi nzima. Wataalamu wa huko, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway, walitengeneza programu ya tarakilishi iitwayo DHIS, ya kukusanya hesabu za zahanati. Programu ile ilitolewa bure, nayo ikaenea katika nchi nyingi zisizo na fedha za kununua mitambo ya bei kubwa. Mwaka wa 2011 Kenya ilianza kuitumia nchini kote kwa njia ya intaneti. Hesabu zilizokuwa zikisafiri kwa makaratasi kutoka kituo hadi wilayani, na kutoka wilayani hadi Nairobi, sasa zikaweza kuonekana upesi makao makuu.

Mfumo huo, kwa kazi hiyo, ulibeba idadi tu: watoto kadhaa wamechanjwa, watu kadhaa wameugua malaria. Idadi haina uso wala jina. Lakini mgonjwa hatibiwi kwa idadi. Atumiaye dawa za virusi vya ukimwi huzitumia maisha yake yote, na kila daktari amwonaye hana budi kujua alipewa nini jana. Kwa haja kama hiyo, mwaka wa 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuandika habari za wagonjwa katika tarakilishi. Walioshiriki katika kazi hiyo ni Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kutokana na ujuzi uliopatikana katika sehemu zile, mwaka wa 2004 ilianzishwa programu ya OpenMRS, ambayo imetumiwa katika nchi nyingi. Hapo jina la mtu na ugonjwa wake vikakaa mahali pamoja, na hatari ikaingia mlangoni pamoja na faida.

Hatari hiyo ilidhihirika mwaka wa 2015. Mwezi wa Februari ilitoka amri ya Rais kwamba zikusanywe habari za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya ukimwi, pamoja na za walezi wao, na za akina mama waja wazito na wanyonyeshao wenye virusi hivyo. Watetezi wa haki walikwenda mahakamani. Fikiri, msomaji, hali ya mtoto ambaye jina lake limo katika orodha ile, na orodha yapita mikononi mwa watu asiowajua. Mama aogopaye orodha hukaa nyumbani asipimwe. Asipopimwa hapati dawa, na mtoto aliye tumboni aweza kuambukizwa. Hata hesabu za taifa hugeuka kuwa uongo, maana waliojificha hawahesabiwi.

Mwezi wa Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba amri ile ilivunja haki ya faragha iliyomo katika Kifungu cha 31 cha Katiba. Iliagiza majina yaliyokwisha kukusanywa yageuzwe kuwa alama, ili mtu asiweze kulihusisha jina na ugonjwa. Baadaye Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 ilizihesabu habari za afya kuwa nyeti, na mwaka wa 2023 ikatungwa Sheria ya Afya ya Kidijitali.

Sheria peke yake haifungi mlango. Yafaa kila mfanyakazi awe na neno lake la siri, wala asimwazime mwenziwe. Mtambo uandike nani amefungua habari za nani, na saa ngapi. Habari zisafiri kwa maandishi ya fumbo. Na nakala ya akiba iwekwe mahali pengine salama.

Baadhi yenu, vijana msomao insha hii, mtakuwa waganga, makarani na mafundi wa mitambo. Iko siku mtafungua habari za mgonjwa msiyemjua, naye hatakuwapo kuwatazama. Someni yahusuyo kazi yenu tu, kisha mfunge. Mgonjwa huyo alisema siri yake ili apone.