MUSO: kuanzisha kazi yako wakati mishahara imekauka

Katika makanisa yetu ya Kivu, vijana wengi wenye diplome walizoea kungoja tangazo la kazi la ONG. Mwaka wa 2025 mlango huo ulizidi kuwa mwembamba. Tangu Januari Marekani ilisimamisha misaada yake, miradi mingi ikafungwa, na vita vikafanya mabenki ya Goma, kisha ya Bukavu, yafunge. Wazazi wanatuuliza: kijana aanzie wapi, kama hakuna mwajiri wala benki? Jibu moja liko tayari katika mitaa yetu: MUSO.

MUSO ni nini?

Ni kifupi cha maneno ya Kifaransa, mutuelle de solidarité. Watu wanaojuana wanakutana kwa ukawaida, wanaweka akiba na kukopeshana. Si sawa na likirimba. Katika likirimba feza yote inamwendea mmoja kwa zamu, awe na mpango au asiwe nao. Katika MUSO anakopeshwa mwenye mpango, naye anarudisha pamoja na riba ndogo waliyokubaliana wote.

Masanduku matatu

La kijani ni la akiba, na humo ndimo mikopo inatoka. La jekundu ni la msaada: ugonjwa, kilio, ajali. Anayesaidiwa hapo harudishi. La bluu linapokea feza kutoka nje, kama mkopo wa benki au mchango wa shirika.

Tusilidharau lile jekundu. Tumeona mara nyingi biashara yenye wateja wazuri ikifa siku moja, kwa sababu mtoto alilazwa na mtaji ukalipa hospitali. Sanduku jekundu linalinda mtaji.

Hesabu kabla ya kukopa

Tuseme wanachama ni 20, na kila juma kila mmoja anaweka franka 2,000 katika kijani na 500 katika jekundu. Baada ya majuma 5 sanduku la kijani lina franka 200,000. Mwanachama mmoja anaomba 100,000 ili akaange mandazi, na atarudisha kwa majuma 10. Basi kila juma lazima abaki na zaidi ya franka 10,000 baada ya kuondoa unga, sukari, mafuta, makala na chakula cha nyumba yake. Kama hesabu haifiki, aombe kidogo, auze kwanza, kisha arudi.

Mambo ya kuangalia

Mchungaji asiwe mtunza sanduku, na feza ya MUSO isichanganywe na sadaka. Kila feza inayoingia au kutoka iandikwe katika daftari mbele ya wote. Anayechelewa kulipa atembelewe nyumbani mapema, kabla deni halijawa aibu ya kumfanya akimbie ibada.

Matendo 18:1-3 inatuonyesha Akila na Prisila, watu waliofukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio. Walifika Korinto kama wakimbizi, lakini ufundi wao wa kushona hema walikuja nao. Paulo alipofika, walimpokea na wakafanya kazi pamoja. Katika kanisa lako wamo wenye ufundi waliokimbia vijiji vyao. Jumapili hii baada ya ibada, tuwaulize wanajua kufanya nini, na tuwape nafasi katika MUSO yetu.