Dola Mia Moja kwa Alan Page

Oktoba 1978 klabu ya Chicago Bears ililipa dola mia moja kumchukua mtu ambaye miaka saba nyuma alikuwa mchezaji bora wa ligi nzima ya Marekani. Dola mia, ndugu msomaji! Hiyo haikuwa hata bei yake, ilikuwa ada ya makaratasi tu, maana klabu yake ya zamani ilikwisha kumtupa na yeyote aliyemtaka angeweza kujiokotea.

Mtu huyo ni Alan Page. Kijiweni kwetu ukitaja jina hilo watu wanakukodolea macho, na siwalaumu. Mpira wa Kimarekani huku tunauonea kwenye filamu: majitu yamevaa helmeti na mapedi mabegani, yanagongana kama daladala zinazogombea abiria. Lakini kuna utaratibu mle ndani. Timu ina kikosi cha kushambulia na kikosi kingine kabisa cha kuzuia. Anayeshambulia ana kotabeki, yule mrusha mpira, kipenzi cha mabinti na wapiga picha. Kazi ya Page ilikuwa kusimama katikati ya mstari wa kuzuia, kuvunja ukuta wa watu wazito kuliko yeye, na kumfikia huyo kipenzi kabla mpira haujamtoka mkononi. Kazi ya kuharibu, basi. Ukiifanya vizuri, kinachoonekana ni kwamba mwenzako ameshindwa.

Alizaliwa 1945 Canton, Ohio, mji wa viwanda vya chuma. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi na mitatu. Vijana weusi wa mji ule walijua wanakokwenda: kiwandani, kwenye moto na masizi, mpaka uzee. Yeye alikuwa anatazama tamthilia ya wakili Perry Mason kwenye televisheni, akasema moyoni, ile ndiyo kazi. Mpira ulikuja baadaye kama njia ya kupitia. Akiwa kijana alifanya hata kibarua kwenye ujenzi wa Jumba la Heshima la mpira wa kulipwa, ambalo lilijengwa palepale Canton. Mwaka 1988 jumba hilohilo lilimwingiza ndani kama mmoja wa wakubwa wake. Ningeyatunga haya kwenye hadithi, mhariri angeniambia nimezidisha chumvi.

Ya uwanjani nitayapitisha haraka. Chuo Kikuu cha Notre Dame, ubingwa wa vyuo 1966. Mwaka 1967 Minnesota Vikings wakamchagua katika raundi ya kwanza. Huko alikutana na Carl Eller, Jim Marshall na Gary Larsen, na wanne hao wakaitwa Wala-Watu wa Zambarau kwa ajili ya rangi ya jezi. Baridi ya Minnesota ni ya kugandisha mate, na kocha Bud Grant alikataza vipasha joto pembeni mwa uwanja. Mwaka 1971 Page akawa mchezaji wa kwanza wa kuzuia kupewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi na shirika la habari la AP. Mpaka leo aliyemfuata ni mmoja tu, Lawrence Taylor, mwaka 1986. Vikings walifika fainali ya Super Bowl mara nne enzi zake, wakafungwa zote nne.

Sasa tufike penye utamu wenyewe.

Mtu huyu alikuwa anasoma. Jaribio la kwanza la sheria aliliacha baada ya wiki chache tu. Akarudi tena, safari hii Chuo Kikuu cha Minnesota, akasoma huku anacheza, akahitimu 1978. Alikuwa pia mwakilishi wa wachezaji kwenye chama chao, yaani ni yeye wa kumwambia tajiri kwamba hili halikubaliki. Na juu ya hayo akaanza kukimbia mbio ndefu. Mke wake, Diane, alikuwa anakimbia ili aachane na sigara, naye akamfuata barabarani, kisha asiweze kuacha. Kilo zikapungua, kutoka kama 111 hadi kama 102.

Vikings wakasema amekonda mno, hawezi tena kazi. Wakamwacha katikati ya msimu. Mimi nina mashaka na hesabu ya kilo. Mchezaji mwenye shahada ya sheria, mwenye chama, ambaye asubuhi anakimbia peke yake bila ruhusa ya kocha, huyo si mali ya mtu tena. Tazama kilichofuata: alicheza Chicago hadi mwisho wa 1981 bila kukosa mechi hata moja, akafikisha mechi 218 mfululizo. Mwaka 1979 akawa mchezaji wa kwanza wa NFL aliye kazini kumaliza marathoni. Mtu aliyekonda mno!

Jumba la Heshima lilipomwita 1988, desturi ilikuwa unamleta kocha wako au mchezaji mwenzako akutambulishe. Page alimleta Willarene Beasley, mkuu wa sekondari moja ya Minneapolis. Kisha akasimama na kuzungumzia kusoma. Alikumbuka kikao kimoja cha timu, kocha amewaambia wachezaji wasome kwa zamu, kwa sauti, kitabu cha mbinu. Baadhi hawakuweza. Walikuwa watu wazima waliopita sekondari na chuo kikuu, na wote waliowapitisha walikuwa wanawashangilia Jumamosi. Nikifikiria kimya cha chumba kile, wanaume wa kilo mia na ushee wanainamia karatasi, napata baridi kuliko ile ya Minnesota. Mwaka huohuo yeye na Diane walianzisha mfuko wa kusomesha vijana, na masharti yake yananifurahisha: ukipewa fedha, nawe unakwenda kuwasaidia watoto wadogo katika masomo yao.

Mwaka 1992 alitaka kugombea ujaji wa Mahakama Kuu kabisa ya jimbo. Gavana Arne Carlson alikuwa amemwongezea muda jaji aliyekuwa karibu kustaafu, kwa hiyo uchaguzi ukafutwa. Wengi wangesema, ndiyo mambo ya wakubwa. Page alifungua kesi. Majaji wote wa mahakama ile wakajitoa, maana kesi iliwahusu, wakawekwa wengine wa muda, na Page akashinda: uchaguzi ukarudi. Akashinda na uchaguzi wenyewe, akawa jaji wa kwanza mweusi katika mahakama hiyo. Je, wangempigia kura kama asingekuwa mchezaji? Wengine labda hapana. Lakini walimrudisha tena 1998, 2004 na 2010, na akastaafu 2015 kwa sababu tu ya sheria ya miaka sabini.

Mwaka 2017 shule moja ya Minneapolis iliyoitwa kwa jina la Alexander Ramsey, gavana wa 1862 aliyetaka Wadakota waangamizwe au wafukuzwe jimboni, ilibadilishiwa jina ikaitwa ya Jaji Page. Mwaka uliofuata yeye na Diane walionyesha hadharani vitu walivyokusanya kwa miaka mingi: vibao vya kuwatenga weusi, na tofali lililofinyangwa na watumwa. Diane alifariki mwaka huohuo wa 2018.

Kuna kitu kimoja kilichobaki cha mpira mwilini mwake. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kiliteguka mara nyingi mpaka kikapinda, sasa kimechomoza pembeni kama tawi. Akienda kusomea watoto vitabu shuleni, hawaulizi tuzo wala hukumu. Wanauliza kidole. Basi 2013, yeye na binti yake Kamie wakakiandikia kitabu.