DAC ya kujitengenezea nyumbani: mwongozo kutoka Busia na Malaba

Wengi wetu wa Mombasa tunaijua Malaba kwa foleni ya malori tu. Mimi ni mzaliwa wa Pwani niliyefuata kazi mpakani, na jioni hutengeneza redio mjini Busia. Siku moja mzee wa Kiteso kutoka Malaba aliniletea kaseti. Ndani yake marehemu ndugu yake alikuwa akipiga adeudeu, kinubi cha Wateso. Kijana mmoja alikuwa amemnakilia kaseti hiyo kwenye kompyuta, lakini kila mzee akisikiliza, ngurumo ilifunika nyuzi nene.

"Imekufa, mwanangu," aliniambia. "Nimekuja nikuachie. Labda kasha lake litakufaa."

Haikuwa imekufa. Kasoro ilikuwa pale namba zinapogeuzwa kuwa sauti. Kifaa kinachofanya kazi hiyo kinaitwa DAC, na unaweza kujitengenezea.

DAC hufanya nini

Kompyuta na simu hazihifadhi sauti bali namba. Kwenye CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, upande wa kushoto na wa kulia. Kila kipimo huandikwa kwa biti 16, ambazo hutoa viwango 65,536. Kasi hiyo inatosha kwa sababu sikio letu husikia hadi mitetemo takribani 20,000 kwa sekunde, na kanuni hudai vipimo zaidi ya mara mbili ya hapo.

Spika haijui kusoma namba. Inataka umeme unaopanda na kushuka kama ile sauti ya awali. DAC hupokea kila namba na kutoa volti zinazolingana nayo.

Njia ya rezista

Njia rahisi kueleweka ni ngazi ya rezista za aina mbili, moja ikiwa na ukinzani mara mbili ya nyingine. Mafundi huiita R-2R. Fikiria mizani ya mahindi sokoni. Mwenye mawe ya kilo 1, 2, 4 na 8 anaweza kupima kilo yoyote kamili kuanzia 1 hadi 15. Kila biti ni jiwe moja, na kila jiwe ni mara mbili ya lililotangulia.

Kwa biti 8 utahitaji rezista 9 za kilo-omu 20 na 7 za kilo-omu 10. Nilianza na hiyo. Ilitoa sauti, lakini viwango 256 ni vichache, na muziki ukishuka chini unasikia mkwaruzo.

Usidhani basi utaongeza rezista tu hadi ufike biti 16. Jiwe kubwa la biti 16 lina uzito wa 32,768. Rezista za kawaida za dukani zinaweza kukosea kwa asilimia 1, na asilimia 1 ya jiwe hilo ni takribani 328. Kosa hilo limeshapita jiwe la 256, kwa hiyo mawe tisa madogo hayaaminiki tena. Jenga ya biti 8 kwa kujifunza, lakini kwa kusikiliza muziki nunua chipu.

Njia ya chipu

Niliyotumia ni PCM5102A ya Texas Instruments, ambayo huuzwa ikiwa tayari kwenye bodi ndogo. Niliagiza Nairobi ikaja kwa basi. Nimeiunganisha na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi hivi: BCK kwenye pini ya 12, LCK kwenye pini ya 35, DIN kwenye pini ya 40, na GND kwa GND. Pini ya SCK nayo iunganishwe na GND, na chipu itajitengenezea saa yake yenyewe. Nyaya ziwe fupi. Kwenye faili ya mipangilio ya Raspberry Pi, andika dtoverlay=hifiberry-dac, kisha uwashe upya.

Sauti inayotoka hapo ni ya kupeleka kwenye tundu la AUX la amplifaya. Haina nguvu ya kuendesha spika moja kwa moja.

Umeme ndio wenye makosa mengi

Stima yetu hutetema mara 50 kwa sekunde. Ikipenya kwenye nyaya za sauti, ngurumo yake hukaa kwenye 50 na kwenye mafungu yake, yaani 100, 150 na kuendelea, palepale penye nyuzi nene za kinubi. Kabla hujanunua chochote, chomoa chaja ya kompyuta usikilize ikiwa kwenye betri. Ngurumo ikipungua, rekodi yako ni nzima.

Nilipofanya hivyo na rekodi ya mzee, ngurumo ilipungua sana, ukabaki mlio mwembamba wa kompyuta yenyewe. Huo ndio ulionifanya nijenge DAC ya pembeni. Bodi nimeipa betri 4 za kuchaji za volti 1.2, jumla volti 4.8. Usiweke za volti 1.5, kwa maana zitafika 6, na bodi yangu ni ya volti 5. Ukitumia betri, usiunganishe tena waya wa volti 5 kutoka Raspberry Pi. Raspberry Pi yenyewe naiendesha kwa pawabanki. Na usiguse kabisa upande wa volti 240 kama hujafunzwa. Hakuna muziki wenye thamani ya roho yako.

Kisichowezekana

DAC hairudishi kilichopotea. Mchakacho wa kaseti ya mzee upo hadi leo, na ungekuwepo hata kwa kifaa cha maelfu. Kwa hiyo kaseti isitupwe hata baada ya kunakiliwa, maana huenda kesho ukapata mashine bora ya kuisomea.

Mzee aliporudi nilimchezea. Kabla ya wimbo ndugu yake alikohoa, kikohozi ambacho ngurumo ilikuwa imekificha, kisha nyuzi nene zikaanza. Mzee akaniomba nirudishe mwanzo, nami nikarudisha mara tatu. Alipoondoka kwenda Malaba alichukua kaseti yake, pamoja na kasha.