Marfa: Mji wa Matofali Mabichi

Marfa ilianzia kwenye tangi la maji. Mwaka 1883 reli ilikuwa inakata jangwa la Chihuahua, magharibi mwa Texas, na injini za mvuke zisingeweza kuuvuka ukame ule bila kunywa. Basi pakawekwa kituo juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Husimuliwa kwamba jina lilitolewa na mke wa mkubwa mmoja wa reli, akilitwaa katika riwaya; Marfa ndiye Martha wa Warusi. Kufikia 1886 mahakama ya kaunti ya Presidio ilikuwa imekwisha kusimama na kuba lake, nayo ndiyo hiyo inayoonekana kutoka mbali hadi leo.

Mahakama ilijengwa kwa mawe na matofali ya kuchoma. Watu wenye asili ya Mexico, waliofanya kazi za reli na za kuchunga ng'ombe, walijijengea kwa matofali mabichi: udongo unakandwa na majani makavu, unatiwa kwenye kalibu, unaanikwa juani, basi. Ukuta wake mnene huzuia jua la mchana na kutunza joto usiku jangwa linapopoa. Wanaoandika juu ya Marfa kwa kawaida hufuata wasanii. Mimi nitaufuata ukuta huo.

Mwaka 1909 watoto wa Kimexico walijengewa shule yao ya peke yao, ya matofali mabichi, ambayo baadaye iliitwa Blackwell. Miaka miwili mbele, mapinduzi ya Mexico yalipowaka ng'ambo ya mpaka, jeshi la Marekani likapiga kambi mjini. Kambi ikawa ngome, Fort D. A. Russell, na mji ukanenepa: mwaka 1930 ulikuwa na watu karibu 3,900. Vita Kuu ya Pili ilileta uwanja wa ndege wa kijeshi na mateka wa Kijerumani. Mwaka 1946 ngome ikafungwa. Miaka ya hamsini ukaja ukame ulioua malisho, na hapo vijana wakaanza kuondoka. Mwaka 1955 walikuja waigizaji kupiga filamu ya Giant, akiwamo James Dean, aliyekufa mwaka huo huo kabla filamu haijatoka. Walikaa wiki chache, wakaenda zao.

Kitu kinachonikaa moyoni kilitokea mwaka mmoja kabla ya hapo, pale Blackwell. Watoto waliambiwa waandike kwenye vikaratasi kwamba hawatasema tena Kihispania, vikaratasi vikatiwa kwenye kisanduku kikawa jeneza, wakakizika karibu na mlingoti wa bendera. Lugha ya mama zao ilifanyiwa mazishi, na wazikaji ni wao wenyewe. Aliyesoma Kenya akavishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani haihitaji maelezo zaidi. Shule ilifungwa mwaka 1965, watoto wote walipounganishwa pamoja.

Msanii Donald Judd alifika 1971 kutoka New York, akitafuta nafasi ambamo kazi ya sanaa ingekaa mahali pake isihamishwe tena. Alinunua majengo katikati ya mji akayazungushia ukuta wa matofali mabichi unaozidi kimo cha mtu. Baadaye, kwa fedha za wakfu wa Dia, aliipata ile ngome iliyoachwa. Katika mabanda mawili ya mizinga aliondoa milango, akatia vioo vikubwa, akaezeka mabati ya mviringo, kisha akapanga masanduku 100 ya alumini. Kwa nje yana vipimo sawa. Kwa ndani hakuna mawili yanayofanana, na mwanga wa jangwa huyabadilisha saa hadi saa. Ukutani yamebaki maandishi ya Kijerumani ya siku za mateka. Nakiri bila kusita kwamba ni kazi kubwa. Alipoiweka wazi kwa watu mwaka 1986, chini ya taasisi ya Chinati, hakuna aliyedhani mji utajulikana duniani. Alifariki 1994.

Wageni wakaongezeka, na nyumba za udongo, zilizokuwa alama ya umaskini, zikawa ndizo zinazotafutwa. Mwaka 2005 wasanii Elmgreen na Dragset walijenga kando ya barabara, karibu na Valentine, duka la Prada lisilofungua mlango, nalo kuta zake ni za matofali mabichi. Mwaka 2017 wathamini wa kodi wa kaunti wakaanza kuzipa nyumba za matofali hayo daraja lake peke yake, na thamani ikaruka. Familia iliyokanda udongo kwa mikono yake ikaletewa hesabu ya kodi iliyopimwa kwa mfuko wa mgeni. Hilo siwezi kuliita maendeleo. Sensa ya 2020 ilikuta watu 1,788, chini ya nusu ya wale wa 1930.

Waliosoma Blackwell waliungana kuiokoa shule isibomolewe. Mwaka 2007 walikusanyika, wakachimba ardhini na kutoa kamusi ya Kihispania, wakaifufua lugha waliyoizika utotoni. Oktoba 2022 ilipita sheria ya kuifanya shule eneo la kihistoria la taifa, na Julai 2024 ikakabidhiwa rasmi kwa idara ya hifadhi. Sasa ni serikali iliyo na wajibu wa kuukandika ukuta ule kila mvua zinapoula.