Katalizeri haifi bure: somo la Corvette ya mwaka 1975

Mwaka 1975, Wamarekani waliokwenda kununua Chevrolet Corvette, gari la michezo lenye sifa kubwa nchini mwao, walikuta mabadiliko chini ya gari. Mabomba mawili ya moshi, ambayo zamani kila moja lilifika nyuma peke yake, sasa yaliungana na kuingia katika chombo kimoja cha chuma, kisha yakagawanyika tena. Chombo hicho ni katalizeri. Moteri ya kawaida ya gari hilo ilihesabiwa nguvu za farasi 165, wakati mwaka 1974 zilikuwa 195. Wapenda mbio walinung’unika, na kuna waliokikata chombo hicho na kuweka bomba tupu.

Hata hivyo, aliyeanzisha kazi hiyo alikuwa mwenyewe mpenzi wa mashindano ya magari. Ni Eugène Houdry, injinia Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1892. Alijulikana kwanza kwa kutengeneza esanse bora kutoka mafuta mazito. Baadaye, akiwa Marekani, moshi uliofunika mji wa Los Angeles ulimtia wasiwasi kuhusu mapafu ya watu. Mwaka 1956 alipewa hataza ya chombo cha kusafisha moshi wa magari.

Lakini chombo hicho hakikuweza kuishi barabarani. Tangu mwaka 1923 esanse ilikuwa ikichanganywa na risasi ili moteri isigonge. Risasi hiyo ilitoka na moshi, ikafunika madini ya ndani ya katalizeri, na kazi yake ikakoma. Houdry alifariki mwaka 1962 bila kuona magari mengi yakiitumia.

Sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ndiyo iliyofungua njia. Ili katalizeri ziishi, vituo vya Marekani vilitakiwa kuuza pia esanse isiyo na risasi. Magari mapya yalifanyiwa mdomo mwembamba wa tangi, ili bomba la esanse yenye risasi lisiingie. Madereva waliopanua mdomo huo kwa kutafuta bei ndogo waliua katalizeri zao wenyewe.

Fundi wa wakati ule alikuwa na njia zake za kujua. Gari linaondoka vizuri, lakini likifika kwenye mwendo mkubwa linakosa pumzi. Fundi alifunga kipimo cha mvuto wa hewa kwenye moteri, akaizungusha kwa kasi moja: kama mshale ulishuka polepole, moshi ulikuwa umezibiwa njia. Alipogonga chombo na kusikia vipande vikicheza ndani, alijua kimevunjika. Harufu ya yai bovu ilimwambia kwamba moteri huenda inapewa esanse nyingi kupita kiasi.

Tangu mwaka 1996, magari mapya ya Marekani yana sonda mbili zinazopima oksijeni, moja mbele ya katalizeri na nyingine nyuma yake. Zikianza kusoma karibu sawasawa, taa ya moteri inawaka kwenye tablo na mashine inaonyesha namba P0420. Namba hiyo haimaanishi moja kwa moja kwamba chombo kinunuliwe kesho. Bomba linalovuja au sonda iliyochoka vinaweza kudanganya.

Hapo ndipo historia ya risasi inafundisha. Katalizeri mara nyingi huuawa na kitu kinachotoka kwenye moteri. Buji isiyowasha hupeleka esanse mbichi inayowaka ndani ya chombo na kukiyeyusha. Moteri inayokula mafuta yake hukifunika kwa uchafu. Anayeweka mpya bila kutibu ugonjwa huo atalipa mara mbili, na ni kifaa cha bei kwa sababu kina platini, paladi na rodi.

Baada ya kutibu, kazi yenyewe ni ya subira: kuacha bomba lipoe, kulainisha bolti zenye kutu, kutoa sonda bila kukata waya, kuweka gasketi mpya, na kuelekeza mshale wa chombo upande moshi unakokwenda.

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha esanse yenye risasi kufikia mwaka 2006, na Algeria ilikuwa ya mwisho duniani mwaka 2021. Kwa hiyo magari ya mitumba yanayofika Congo kutoka Japani na katalizeri zao hayakutani tena na adui yule wa zamani. Kuikata na kuweka bomba tupu kunarudisha moshi ule uliomsumbua Houdry, ukiwa na gesi ya sumu isiyo na harufu, puani mwa watoto wanaotembea kando ya barabara.