Leseni ya Mzee wa Rongai

Katiba ya Kenya ya 2010 inamhesabu kuwa mzee mtu aliyepita miaka 60, na Kifungu cha 57 kinaitaka serikali ilinde haki yake ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Sensa ya 2019 iliwapata wazee hao takriban milioni 2.7. Huko Rongai, Kaunti ya Nakuru, kushiriki kunategemea usukani. Mkulima wa Visoi anayepeleka mahindi mjini kwa pikapu yake akipokonywa leseni kwa sababu ya umri, anabaki na matatu iliyojaa pomoni au bodaboda kwenye njia ya vumbi.

Wanaotaka leseni ikome kwa umri huitaja Japani. Aprili 2019, mtaani Ikebukuro jijini Tokyo, dereva wa miaka 87 aliwagonga mama na bintiye wa miaka 3, wakafa. Mwaka huo watu wapatao 600,000 walirudisha leseni kwa hiari. Hata hivyo, Japani haikuweka ukomo wa umri. Mwenye miaka 75 na zaidi hupimwa kumbukumbu anapohuisha leseni, na tangu Mei 2022 aliyewahi kutenda makosa fulani barabarani hufanya pia mtihani wa kuendesha.

Maafa ya barabara ya Nakuru–Eldoret yana sababu nyingine. Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, watu 36 wakafa. Kwa miaka mingi hofu ya mteremko wa Salgaa imekuwa trela zinazoachiliwa bila gia ili kuokoa mafuta, madereva waliochoka, na kupita gari jingine pasipofaa. Kumfungia babu pikapu yake hakutibu hata moja kati ya hayo.

Lakini macho ya mzee nayo hayabembelezwi. Mwanga unaofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni karibu theluthi moja ya ule unaomfikia kijana wa 20, na mtoto wa jicho huutawanya zaidi. Jioni, trela inapopandisha kutoka Salgaa na taa zote kali, mzee hupofuka kwa sekunde kadhaa, na mtembea kwa miguu aliye ukingoni mwa lami haonekani kabisa.

Hapo ndipo sheria ilipolegea. Mwenye gari dogo huhuisha leseni kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen: anachagua mwaka mmoja au mitatu, analipa kwa M-Pesa, basi. Aliyefaulu mtihani akiwa na miaka 25 anaweza kufika 80 bila kuulizwa kama anaisoma namba ya gari lililo mbele yake.

Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) ingeanza na macho: kipimo kila leseni inapohuishwa baada ya miaka 60, gharama yake ikiwa ndani ya ada ileile. Asiyeona vizuri gizani apewe leseni ya mchana tu. Mwenye mtoto wa jicho apelekwe kwa upasuaji, kisha apimwe upya na kurudishiwa leseni yake kamili.