Mchakamchaka na Ujenzi wa Pumzi katika Nyanda za Juu Kusini

Vikundi vya jogging vinavyokimbia alfajiri katika mitaa ya Mbeya na Iringa mara nyingi huhesabiwa kuwa zao la miji ya kisasa, ilhali njia yao ya kujenga pumzi, yaani uwezo wa mwili kuendelea na kazi kwa muda mrefu bila kuishiwa nguvu, ilizoeleka nchini Tanzania zamani kupitia mchakamchaka, desturi ya kukimbia polepole kwa safu huku wakimbiaji wakiimba.

Chombo kimojawapo kilichoieneza desturi hiyo ni Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoanzishwa Julai 10, 1963 ili kuwafunza vijana ukakamavu, uzalishaji mali na uzalendo. Mpango wa mwaka 1966 wa kuwalazimisha wasomi kupitia jeshi hilo, ambao wanafunzi wa chuo kikuu waliupinga kwa maandamano Oktoba mwaka huo, uliwafikisha kambini hata vijana wasiokuwa na nia ya uaskari. Na katika nyanda hizi kambi za Mafinga, mkoani Iringa, na Itende, Mbeya, zipo hadi leo.

Shuleni mchakamchaka ulipata nafasi yake kwa urahisi, kwa kuwa sera ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere Machi 1967, iliitaka shule iwe jamii inayofanya kazi pamoja. Wanafunzi walijipanga safu kabla ya masomo, kiongozi akakimbia pembeni akianzisha wimbo, wenzake wakaitikia, na vishindo vya miguu vikafuata mapigo ya wimbo huo. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–1979 nyimbo za kumkejeli Idi Amin, mtawala wa Uganda aliyeshindwa katika vita hivyo, zilishika kasi, zikaimbwa hata na watoto waliozaliwa vita vimekwisha.

Wimbo wa mchakamchaka haukuwa pambo tu, kwa sababu anayeimba hawezi kukimbia kupita uwezo wa mapafu yake, na kwa hiyo safu nzima ililazimika kushika mwendo ambao hata mnyonge wake aliumudu. Kanuni hiyohiyo ilifundishwa na kocha Arthur Lydiard wa New Zealand, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliwahimiza watu wazima wa Auckland wakimbie kwa mwendo unaoruhusu mazungumzo. Na kocha wa Marekani Bill Bowerman, aliyefika huko mwaka 1962, aliieneza kwao kwa kitabu.

Katika nyanda hizi kanuni hiyo ina uzito zaidi. Mbeya ipo takriban meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, kimo ambako kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, hivyo mgeni wa Dar es Salaam huanza kuhema mapema, mpaka mwili wake uzoee na kuongeza chembe nyekundu za damu, ambazo ndizo hubeba oksijeni. Miinuko nayo huongeza kazi: Iringa ni mji wa kilimani, na anayepanda kutoka Ipogolo, kando ya Ruaha Mdogo, kwa kasi aliyoanza nayo bondeni huishia kutembea.

Mafunzo ya lazima ya JKT yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, lakini wakati huo mbio za alfajiri zilikuwa zimekwisha kuhamia mitaani. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza, kama kisukari na shinikizo la damu, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Mbeya nayo ikapata mashindano yake, Mbeya Tulia Marathon.

Mashindano humsukuma mkimbiaji kuitazama saa, ilhali mchakamchaka ulimfunza kuisikiliza pumzi yake. Anayeanza mbio katika mitaa hii hana budi kushika somo hilo la pili kwanza: apunguze mwendo, atembee panapopanda, na akishindwa kuitikia wimbo ajue kwamba amezidisha kasi.